Mwanamke Aliyecheka Maji

Dada yangu alipoolewa Mombasa nilibaki peke yangu katika nyumba ya mawe iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi. Mama alikuwa amekwisha kufa. Baba alikuwa na duka Malindi, na mke huko huko, na alikuja kwetu Amu kila alipokumbuka kwamba nyumba ina paa la kutazamwa. Nilikula katika sahani moja, nikaiosha hiyo hiyo, nikailia tena jioni. Asubuhi nilishona kofia za vito nikiwa nimekaa katika daka, pale penye mwanga mlangoni. Adhuhuri ikipita, nilipanda juu nikaandika riwaya.

Neno hilo, riwaya, naliandika leo bila kusita kwa sababu siku hizi nakaa na watu wanaolitumia. Tunakutana, vijana wachache wenye karatasi mifukoni, tunasomeana, na haupiti muda mrefu kabla mmoja hajasema: huo ndio mtindo wangu. Akiambiwa sentensi imemshinda pumzi, ndio mtindo wake. Akiambiwa neno hilo amelirudia hadi limechakaa, mtindo wake. Mimi hunyamaza, nao wanadhani nina kiburi. Lakini kila nikilisikia neno hilo namkumbuka mwanamke mmoja kisimani, ambaye hakuwahi kuishi popote ila katika karatasi zangu, na jinsi nilivyokaribia kumpoteza kwa sababu nilisifiwa.

Amu ya siku zile iliyaheshimu maneno. Mtu aliweza kusimamishwa njiani kwa ajili ya shairi alilolipeleka harusini, akaulizwa kwa nini amechagua neno hili akaliacha lile, na wapita njia wakasimama kusikiliza jibu. Lakini hayo yalikuwa maneno yenye mizani na vina. Maneno yanayokwenda mpaka mwisho wa karatasi kisha yanaendelea mstari wa pili bila kina, hayo yalikuwa barua, au mashtaka, au ngano za kuwalaza watoto. Hakuna aliyenichukia kwa kuyaandika. Walinionea huruma kidogo, kama anavyoonewa huruma mtu anayejenga chombo mbali na maji.

Palikuwa na baraza karibu na nyumba yetu, na wenye baraza waliniita Mwandishi.

"Mwandishi, umefika wapi?"

"Kisimani."

"Bado kisimani? Si ulikuwa huko tangu mfungo sita?"

"Bado niko huko."

"Basi mtoe bibi wa watu, bwana. Ataota mwani."

Wakacheka, nami nikacheka, nikaingia ndani. Hakuna aliyewahi kuuliza bibi huyo ni nani. Laiti mmoja angeuliza, ningekaa naye mpaka kahawa ikapoa.

Alikuwa mwanamke aliyeondokewa na wote wa nyumba yake. Kila asubuhi alikwenda kisimani, akateka maji, akayamwaga, akateka tena. Hakuwa na mtu wa kumpikia wala nguo za kufua. Aliteka ili majirani waisikie ndoo ikigonga jiwe, wajue nyumba ile ina mtu. Riwaya yangu yote ilitoka hapo. Kama ukurasa ule haukusimama, hakuna kilichosimama.

Mtu wa kwanza kuusoma alikuwa mwalimu wa skuli, mtu wa Unguja, aliyeletwa Amu kufundisha na ambaye jioni alitembea peke yake ufukoni akiwa na mikono nyuma. Nadhani naye hakuwa na mtu. Nilimpelekea bunda langu la karatasi nikiwa nimevaa kanzu safi, kana kwamba napeleka posa. Alinirudishia likiwa jekundu.

"Ndia ni nini?" akaniuliza.

"Njia, Mwalimu."

"Nti?"

"Nchi."

"Mato, tini, na kutinda badala ya kuchinja. Bwana mdogo, unaandika kama unavyozungumza nyumbani kwenu. Hiyo ni tabia mbaya ya mwandishi. Msomaji wa Tabora atasoma kwa shida. Andika Kiswahili cha vitabuni."

Kisha akaweka kidole mwisho wa fungu la kwanza, akakishusha mwisho wa fungu la pili, na la tatu. Kila mahali niliyafunga maneno yangu kwa sentensi mbili zenye kina kimoja.

"Na hii?"

"Huo ni mtindo wangu."

"Mtindo au kikohozi?"

Sikumwelewa.

"Mtu mwenye kikohozi kila akitaka kunyamaza hukohoa kwanza. Wewe kila ukimaliza fungu, unakohoa kina."

Niliondoka nimeumia. Ndia na nti nilikuwa tayari kumwachia. Niliona aibu kwamba nilikuwa nimezungumza kinyumbani mbele ya watu. Lakini vile vina nilivitetea njia nzima mpaka mlangoni, nikizungumza peke yangu kimoyomoyo, kwa sababu ndivyo nilivyojivunia. Vilinifanya nisikike kama watu wa mji wangu hata pale nilipoandika kitu wasichokitaka.

Nikakaa kunakili upya. Kazi hiyo niliifanya kwa macho, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kinywa cha Amu kina te mbili. Moja hugusa meno, nyingine hurudi nyuma kidogo. Ile ya menoni ndiyo mara nyingi vitabuni hugeuka che: mato yawe macho, tini iwe chini, na kuteka, kwa maana ya kufurahi mtu mpaka meno yakaonekana, kuwe kucheka. Ile ya nyuma haigeuki. Sikio la mtoto wa Amu halizichanganyi kamwe. Wazee walioandika kwa herufi za Kiarabu, waliojali, walizitenga kwa nukta. Lakini herufi za skuli zimezipa te zote mbili umbo moja, nami nilipokuwa nikinakili sikuwa nasikia kitu. Nilikuwa natazama tu, kama mtu anayechambua mchele na kutupa kila kilicho cheusi. Palipokuwa na te iliyonitia shaka, nikaweka che. Palipokuwa na nd, nikaweka nj.

Mwalimu alikaa na nakala ile mpya muda wa wiki kadhaa. Siku moja akanitumia mtu niende kunywa chai. Nilimkuta ameweka ukurasa wa kisima juu ya meza, peke yake, nyingine zote zikiwa kando.

"Hili," akasema, "hukufundishwa na mtu."

Akanisomea. Mwanamke akaenda kisimani kabla jua halijapanda. *Akacheka maji, akayamwaga, akacheka tena.* Aliisoma polepole, kwa sauti yake nzuri ya Unguja.

"Hakucheka kwa furaha," akaniambia. "Amecheka maji, kama mtu anayelia damu. Ulilipataje?"

Nikamjibu kwamba sijui, limekuja tu. Na kweli sikujua. Nilikuwa nimeandika na kunakili na kufuta ukurasa ule hata nisingeweza kusema ni lini neno gani liliingia. Nilipomsikia akilisoma, nilidhani lilitoka mahali fulani ndani yangu nisipopafahamu, na nikafurahi kwamba mahali hapo papo. Akaniambia amepata uhamisho wa bara, na kwamba Nairobi anamjua bwana mmoja mwenye kuchapa vitabu. Atakwenda na riwaya yangu mkononi, nikishamletea nakala safi. "Huo sasa ndio mtindo wako," akasema. "Ushike."

Sijui kama aliyezoea kuzungumziwa kazi yake anaweza kuelewa nilivyorudi nyumbani siku ile. Nilipita barazani bila kuitwa na nikatamani waniite. Nilipanda juu, nikazungumza na zile zidaka tupu za ukutani ambamo zamani mama alipanga sahani.

Nikaushika mtindo wangu kama nilivyoambiwa. Mwanamke alipokaa kusuka mkeka, nikamfanya alie ukili. Alipowasha moto, akanung'unika moshi. Alipolala, akaota mlango. Sentensi hizi zilikuja kwa wepesi ambao haukuwahi kunitembelea kabla, na kila moja ilipokuja niliisikia sauti ya Mwalimu ikiisoma. Mwisho wa kila fungu kina changu kilikuwapo pia. Sikukigusa, kwa sababu sasa nilikuwa mtu mwenye mtindo, na mwenye mtindo haambiwi kitu.

Siku za Ijumaa nilikuwa nakula Wiyoni kwa mama mdogo, ndugu wa mama yangu, katika nyumba yake ya makuti. Kwa sababu ya kuandika nilikuwa nimekosa kwenda. Nilipotokea, alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, na hakuinua macho.

"Umekuya," akasema. "Nalidhani nawe umeolewa Mombasa."

"Nalikuwa na kazi, Mama mdogo."

"Kazi gani hiyo isiyo na siku ya kula? Hebu nisomea, nami niione."

Nilikuwa nazo karatasi. Nilikuwa nazo kila mahali siku hizo. Nikakaa juu ya mkeka nikamsomea ukurasa wa kisima. Alikuwa anakuna, nazi inashuka, mpaka nilipofika pale. Mkono wake ukasimama.

"Akafanya nini?"

"Akacheka maji."

"Ameona nini huko?"

"Hakuona kitu. Ni namna ya kusema. Ni mtindo."

"Mtindo wa wapi?"

"Wa kuandika, Mama mdogo."

"Huyu si yule usemaye kila siku hana mtu?"

"Ndiye."

"Hana mtu, na kila asubuhi yuateka pekee yake kisimani." Hiyo ilikuwa te yake ya menoni, ile ya kucheka. "Basi huo si upweke. Huyo ni wa kupelekwa kwa mwalimu akasomewe."

"Mwalimu ndiye aliyempenda."

"Mwalimu gani?"

"Wa skuli."

"Wa skuli hasomei mashetani, mwana wangu."

Nikaanza kukasirika. Nikaweka karatasi chini nikamweleza, kama mtu anavyomweleza asiyejua kusoma, kwamba mwanamke yule hacheki kitu. "Sikiza. Aenda kisimani. Hana haja ya mai. Yuateka, amwaga, ateka tena, ili majirani wasikie ndoo."

Niliyasema haya kwa kinywa changu cha nyumbani, bila kufikiri, na te iliyotoka ilikuwa ile ya nyuma, ya kuteka maji, isiyogeuka che. Niliisikia. Nikanyamaza katikati ya maneno yangu kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Mama mdogo hakuona kilichonipata. Yeye alikuwa amekwama mahali pengine.

"Nani afanyaye hivyo?" akauliza.

"Ni hadithi tu."

Akarudi kukuna nazi yake. Wakati wa kula alinitilia wali wangu kisha akaniongezea kabla sijamaliza, na nilipokuwa navaa viatu akaniambia nije na Jumatatu pia, kwamba Jumatatu wali humzidi.

Nyumbani niliutoa ukurasa ule uliosahihishwa na Mwalimu. Mstari wenyewe ulikuwa hivi: akashusha njoo, akacheka maji. Neno njoo lilikuwa na mduara mwekundu, na juu yake ameandika ndoo. Kulia kwake, kwa wino ule ule, amepigia mstari akacheka maji na kuandika: zuri sana. Makosa mawili yaliyozaliwa siku moja na mkono mmoja. Moja limesahihishwa, jingine limesifiwa. Nami nilikuwa nimeutazama ukurasa huo mara nyingi sana, kwa mapenzi.

Nilidhani nitacheka. Ilikuwa jambo la kuchekesha, na mtu yeyote wa Amu angecheka mpaka akakaa chini. Nikatafuta wa kumwambia. Dada yangu angelifahamu papo hapo, lakini alikuwa Mombasa. Wenye baraza wangelifahamu, lakini ingebidi kwanza wajue mwanamke ni nani. Nikakaa na kichekesho changu mpaka kikaacha kunichekesha.

Siku zilizofuata nilizisoma karatasi zote kwa sauti. Zile nyingine, alie ukili na anung'unike moshi, zilikufa zenyewe. Kila nilipozitamka, nilisikia kwamba hakuna mwanamke ndani yake. Nilikuwamo mimi, nimesimama nasubiri kupigiwa mstari. Vile vina viliniwia vigumu zaidi. Niligundua kwamba nilivitia kila mahali nilipoogopa kwamba fungu limekwisha na hakuna aliyesikia, kama mtu anayegonga mlango kwa mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Nikajua Mwalimu alisema kweli kuhusu kikohozi. Nikavitoa, na kila fungu lililobaki lilikwisha ghafla, pakavu, na ukavu huo ulinitisha, na mwanamke akafanana zaidi na mwanamke. Kimoja nikakiacha. Kilikuwa mahali ambapo yeye mwenyewe anajiimbia, na nilipokitoa akanyamaza.

Ndia na nti je? Hapo sikuwa na hakika, na mpaka leo sina. Katika masimulizi niliacha njia na nchi, kwa ajili ya yule msomaji wa Tabora ambaye sijawahi kumwona. Kinywani mwa mwanamke nikarudisha mai yake na ndia zake. Nilisikia tu kwamba akisema maji hazungumzi yeye.

Ikabaki sentensi ile moja.

Mwalimu alikuwa anafunga vitu vyake. Chombo chake kilikuwa kinaondoka kesho yake, na chumba kilijaa masanduku na kamba. Akafurahi kuniona.

"Umeleta nakala safi?"

"Nimeleta. Lakini kuna kosa katika ukurasa wa kisima."

"Lile la ndoo? Nimelisahihisha."

"Si la ndoo peke yake."

Nikamweleza. Nikazitamka te mbili mbele yake, moja menoni, nyingine nyuma, na ilibidi nirudie kwa sababu yeye kwao hazitengi. Mwanzo alicheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyeonyeshwa kiinimacho. Kisha akachukua ukurasa akausoma tena, midomo ikicheza.

"Liache," akasema.

"Ni kosa, Mwalimu."

"Mapambo mangapi ya lugha yalianza kwa kosa? Liache. Nani atajua?"

"Watu wa hapa watajua."

"Watu wa hapa hawasomi riwaya. Umeniambia mwenyewe."

Nilikuwa nimemwambia, kweli. Nikaketi juu ya sanduku lake.

"Huyu mwanamke hacheki," nikasema. "Anateka maji tu."

"Sikiliza, bwana mdogo." Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na chumba kilikuwa na joto. "Yule bwana wa Nairobi nimekwisha mwandikia. Sentensi hiyo nimemnakilia kama ilivyo. Ndiyo iliyomfanya aseme nilete. Bila hiyo, hii ni kazi nzuri ya kijana wa Amu, na kazi nzuri za vijana anazo tele. Nayo ikiwemo, ni kitu kingine."

Aliniachia nifikiri. Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka msikitini, na nilizitambua sauti zao moja moja kama anavyozitambua mtu aliyezaliwa mahali. Niliisema sentensi kimya kimya, akacheka maji, na nikaona jinsi ilivyo nzuri. Nzuri kuliko yangu. Ningeweza kuiacha. Ningeondoka na kitabu, na kila atakayekisoma angemsifu mwanamke kwa kicheko chake, na yule mwingine, aliyeshusha ndoo ili asikike, asingesikika na mtu yeyote tena.

"Haimo," nikamwambia.

"Basi sitaweza kuichukua. Siwezi kumpelekea mtu kitu nilichomsifia kisichokuwamo."

"Najua."

Alinirudishia bunda langu, akalifunga kwa uzi mwenyewe, kwa uangalifu, kama mtu anavyomfungia mtoto kilemba. Akaniambia nikimaliza kuandika upya nimtumie huko atakakokuwa. Nikamwambia nitamtumia. Mlangoni akanishika mkono asiuachie.

"Na kile kikohozi?"

"Nimekiacha."

"Kweli?"

"Kimebaki kimoja."

"Kimoja ni afya," akasema.

Chombo chake kilipoondoka sikwenda kukiaga. Nilikuwa juu, nimefungua madirisha kwa sababu ya joto, nasoma kwa sauti. Sikuwa na njia nyingine tena. Macho yangu yalikuwa yamenidanganya, na sikio lisingenisaidia kama nisingelipa kitu cha kusikia. Nasoma, nafuta, nasoma tena.

Mtu akasimama chini njiani. Sikumwona, wala sauti yake sikuitambua, na hilo lilikuwa jambo la nadra kwangu katika mji ule.

"Wenyewe huko juu," akaita, "mna wageni?"

"Hapana mgeni."

"Mbona nasikia mazungumzo?"

"Nasoma."

"Basi soma kwa nguvu," akasema. "Huku tini hakusikiki vyema."

Huenda alikuwa anafanya utani. Nikachukua ukurasa wa kisima nikausoma wote, kwa nguvu, polepole. Akashusha ndoo, akateka maji, akayamwaga, akateka tena. Nilipochungulia dirishani njia ilikuwa tupu, na sikujua ameondoka kwenye neno gani.